Hii Nifute?

Kijana wa laibrari ya muvi alichomeka flashi yangu kwenye kompyuta, akaifungua, akaanza kushuka jina baada ya jina. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya watu, huku Buguruni. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

"Dada, hii nifute?"

"Futa."

"Na hii?"

"Futa."

"Hii je?"

Nikasita. "Hiyo iache, mama hajaimaliza."

Akaachia kipanya, akanigeukia. "Kwani ni kali?"

"Si kali. Lakini ina stori."

Akavuta daftari lililokuwa chini ya kibodi, akaandika jina la muvi ile, akalipigia mstari. Kisha akaniwekea nyingine nne, nikampa shilingi 2,000, nikashika njia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza njia ya bei nafuu ya kupata filamu nyumbani, nalikumbuka daftari lile. Watu hulijibu swali hilo kwa kulinganisha bei: king'amuzi ni kiasi gani kwa mwezi, bando ni kiasi gani, kwa kijana wa flashi ni kiasi gani, halafu wanachagua namba ndogo. Hesabu hiyo imepungukiwa. Nyumba nyingi ninazozijua zina kioo kimoja, sebule moja na jioni moja ya wiki ambayo wote wapo. Muvi ya shilingi 500 ikiwa mbovu, hasara si zile 500. Hasara ni ile Jumamosi: watoto wamelala chini ya meza, baba katoka nje kupunga upepo, na umeme umeliwa bure. Ndiyo maana naamini kwamba maoni ya mtu wa kawaida, yale ya "ni kali" na "haina stori", yamo ndani ya bei. Njia nafuu ya kukodi ni ile inayokuletea filamu pamoja na neno la mtu unayeweza kurudi kumlaumu.

Mazungumzo hayo ni ya zamani kuliko deki za video. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi majumba ya picha ya Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam na miji mingine yalivyokuwa sehemu ya maisha ya watu kwa miongo mingi. Picha za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951 hazikuishia pale taa zilipowashwa. Watu walitoka nazo, wakazibeba hadi barazani, wakabishana juu ya mapenzi, wazazi na heshima. Aliyekosa tiketi aliipata picha kwa kusimuliwa. Kwa hiyo video ilipokuja ilikuta watu wenye mazoea ya kuizungumza picha.

Namna ilivyokuja Tanzania Bara ina jambo la pekee. Kenya ilikuwa na runinga tangu 1962, na Zanzibar ilipata yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Lakini deki zilikuwa zimeshaingia majumbani miaka kadhaa kabla ya hapo, hasa baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Kwetu, kwa hiyo, runinga haikuingia nyumbani kama chombo cha kupokea habari. Iliingia kama kioo cha deki. Mtu alinunua kwa fedha nyingi kitu ambacho bila mkanda wa kukodi hakionyeshi chochote isipokuwa chenga. Maktaba za mikanda hazikuwa nyongeza ya runinga. Zilikuwa ndiyo kituo chenyewe, na mwenye kaunta ndiye aliyepanga vipindi vya mtaa mzima.

Mjomba wangu alirudi na deki kutoka Uarabuni nikiwa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwenye mikanda, na nilitumwa kwa maneno, si kwa majina. Hakuna mtu nyumbani aliyejua muvi inaitwaje. "Mwambie akupe ya Kihindi, lakini bibi kasema asirudie ile ya kulia." "Mwambie mjomba anataka ya mapigano, ila stelingi asife." Nilifika kaunta, nikaamkia, nikasema nilichotumwa, na yule mzee wa mikanda alifikiri kidogo kama daktari aliyeelezwa maumivu, kisha akageukia rafu na kuvuta mkanda mmoja. Mara chache sana alikosea.

Tuliporudisha, aliuliza. Hilo ndilo nataka lieleweke vizuri. Kukodi kulikuwa na kurudisha, na kurudisha ndiyo ilikuwa nafasi ya kutoa hukumu. "Bibi kasemaje?" Ningejibu kwamba bibi kalia tena. Aliguna, akakumbuka. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anaijua nyumba yetu kwa machozi na vicheko vyake. Alijua mjomba hapendi muvi zenye maneno mengi, na kwamba mama hutazama mwanzo na mwisho tu kwa sababu katikati yuko jikoni. Ujuzi huo hatukuulipia senti ya ziada.

Siku moja umeme ulikatika mkanda ukiwa tumboni mwa deki. Deki zile hazikutema mkanda bila umeme. Tulikaa siku mbili, muvi imekwama, na faini ya kuchelewesha inahesabika. Umeme uliporudi nilikimbia na mkanda bado una joto. Mzee alinisikiliza, akaufungua mlango mdogo wa mkanda kwa kidole kuona kama utepe umekunjwa, akasema, "Haya. Mlifika wapi?" Nikamwambia tulifika pale adui anapoingia hotelini. "Basi nenda nao. Hamjaona kitu bado." Hakudai faini. Biashara yake ilijengwa juu ya watu kuimaliza picha na kurudi kuisema.

Maneno yenyewe ya kuisema nayo yanastahili kupimwa, maana watu wengi waliosoma huyadharau. "Kali" haina maana ya nzuri. Muvi kali ni ile isiyokuruhusu kusimama kwenda kunywa maji. "Ina stori" ni sifa nyingine kabisa: unaweza kusimama, unaweza hata kusinzia, lakini kesho utaikumbuka na utaweza kumsimulia mtu kwenye daladala. "Imetulia" ni filamu isiyopayuka, waigizaji wanazungumza kama watu. "Inachosha mwanzo" ni onyo lenye ahadi ndani yake. Na "stelingi kafa" si kufichua mwisho kwa ubaya. Kwa mtazamaji aliyechoka na wiki nzima ya shida, ni taarifa ya lazima, kama kumwambia mtu chakula kina pilipili. Nimewahi kusoma uhakiki wa kurasa tano usionipa habari nilizozipata kwa mzee yule kwa maneno manne.

Kuna swali moja la kaunta ambalo naliona ndilo la akili kuliko yote: "Unaangalia na nani?" Bodi za serikali zina madaraja yake. Ile ya Kenya, KFCB, hugawa filamu kuwa za wote, za kuangalia kwa uangalizi wa mzazi, za miaka 16 na za 18. Mgawanyo huo unahesabu umri peke yake. Hauwezi kukusaidia ikiwa sebuleni wamo watu wazima watupu, lakini mmoja ni mkwe. Mwanamume wa miaka 40 aliyekaa mkeka mmoja na mama mkwe wake hahitaji kujua kama filamu inamfaa mtoto. Anahitaji kujua kama kutakuwa na dakika moja ambayo ataomba ardhi impasukie. Kaunta zetu zilikuwa na daraja hilo: "hii unaangalia na mtu yeyote", "hii kaa na rimoti mkononi", "hii ni yako na mkeo". Sijaona chombo cha serikali wala mtambo wa kampuni uliowahi kutengeneza daraja lenye manufaa kama hilo kwa familia zetu.

Mikanda ilipopisha sidi na DVD, bei ilianguka kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakuwepo. Zikaja DVD zenye filamu kumi, kumi na tano, hata ishirini ndani ya sahani moja, kava limejaa picha ndogondogo za Jackie Chan, Van Damme na Rambo. Picha ilikuwa hafifu, sauti inakwenda nyuma ya midomo, na sahani ikikwaruzwa muvi inaganda pale pale pa utamu. Lakini wingi ulishinda. Watu walianza kununua badala ya kukodi, na anayenunua harudi kusema kitu. Hapo ndipo maoni ya kaunta yalipoanza kupungua nguvu.

Neno la mtu, hata hivyo, halikukubali kutoka. Likaingia ndani ya filamu yenyewe. Wapenzi wa muvi zilizotafsiriwa wanalijua jina la Lufufu, mwanajeshi aliyegeuka msimuliaji, ambaye sauti yake ilibeba filamu za mapigano, za Kihindi na hata Titanic ya mwaka 1997 hadi kwa watazamaji ambao Kiingereza hakikuwa chao. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana kina VJ Jingo kwa Kiganda. Kazi hii si tafsiri ya maandishi ya chini ya kioo. Msimuliaji anatafsiri, anaeleza, anaongeza methali, anamkanya stelingi, anamtukana adui, anakuambia ukae vizuri kwa sababu kitu kinakuja. Wengine wanaona huko ni kuiharibu kazi ya mwenyewe. Naielewa hoja yao, hasa ninapofikiria filamu zenye ukimya uliopangwa kwa makusudi. Lakini kwa jumla nasimama na wasimuliaji. Walichofanya ni uhakiki unaokwenda pamoja na filamu, unaotolewa na mtu aliyeiona mara nyingi kwa ajili ya mtu anayeiona mara ya kwanza, na waliufanya kwa Kiswahili chenye ladha wakati waandishi wengi wa magazeti walikuwa bado wanatafsiri neno kwa neno.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba kazi hizo zilizunguka bila idhini ya wenyewe, na aliyeumia zaidi si studio ya California. Ni mtengenezaji wa hapa. Filamu ya Kitanzania yenye mtaji wa kuungaunga ilikaa rafu moja na filamu ya Kimarekani ambayo muuzaji hakuilipia chochote zaidi ya sahani tupu. Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inampa mwenye kazi ya sauti na picha haki ya kuruhusu au kukataza kukodishwa kwake. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA juu ya kazi za filamu na muziki. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliingia barabarani Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bei ya chee. Niliwatazama siku ile nikiwa na huzuni ya pande mbili, kwa sababu waliokuwa wakilalamika walikuwa na haki, na waliokuwa wakilalamikiwa ndio walioufundisha mtaa wangu kupenda sinema.

Bongo Movie ina somo lake juu ya bei na maoni. Katika miaka yake ya nguvu, enzi za mwigizaji Steven Kanumba aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, filamu moja ilikatwa vipande viwili na kuuzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na kava lake na bei yake. Msambazaji alinunua masta kwa mkupuo, na sahani mbili zilirudisha fedha kuliko sahani moja. Mtazamaji hakuijua hesabu hiyo, lakini aliiona kwenye kioo: gari linaingia getini, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi barazani, na wimbo unapigwa mpaka mwisho wake. Mitaani ilisemwa, "Hii stori ya nusu saa imevutwa." Maoni yale yalikuwa sahihi kabisa, na yalitolewa mapema. Kama yangekuwa na njia ya kurudi kwa mwenye kazi, kama mzee wa mikanda angekuwa na simu ya msambazaji, nadhani yangesaidia. Badala yake watu waliacha kununua sehemu ya pili, wakasimuliwa mwisho na jirani.

Njia hizo mbili, ya kununua masta kwa mkupuo na ya kuibana kaunta kwa sheria na stempu, hazikuwa pekee zilizowezekana. Wamarekani walipita hapo hapo. Hadi katikati ya miaka ya 1990 duka la kukodisha lililipa studio kama dola 65 kwa mkanda mmoja, kwa hiyo lilinunua michache, na mteja aliambiwa kila Ijumaa kwamba muvi mpya "imetoka". Mwaka 1998 Blockbuster, kampuni ya maduka ya aina hiyo, ilikubaliana na studio kubwa mpango mwingine: mkanda utolewe kwa bei ndogo, chini ya dola 10, halafu mapato ya kila ukodishaji yagawanywe, studio ikipata karibu asilimia 40. Rafu zikajaa, mteja akapata, mwenye kazi akapata. Kampuni ile ilifilisika mwaka 2010 kwa sababu nyingine, zikiwamo faini za kuchelewesha zilizochosha watu, lakini ule mgawanyo ulifanya kazi. Hata mashine nyekundu za Redbox, zilizosimama nje ya maduka ya Marekani na kukodisha DVD kwa dola 1 tu kwa usiku, zilionyesha kuwa bei ndogo na uhalali vinaweza kukaa pamoja kwa miaka mingi kabla ya kampuni hiyo nayo kuanguka mwaka 2024.

Huduma za intaneti ndizo watu wanazoziita mwisho wa safari hii. Netflix ilifunguliwa kwetu Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya mia. Kwa mwenye intaneti ya waya nyumbani, ni nafuu kweli: ada ya mwezi mmoja ukiigawa kwa filamu zote unazoweza kuona, kila moja inakuwa senti. Kwa mwenye bando, hesabu inageuka. Kampuni yenyewe inaeleza kuwa picha ya kiwango cha kati hula takriban GB 0.7 kwa saa, na ya HD hadi GB 3. Filamu ya saa mbili, basi, ni GB 1.4 ukivumilia ukungu, au GB 6 ukitaka kuona nyusi za mwigizaji. Chukua bei ya bando lako, zidisha, halafu ndipo uongeze ada. Filamu hiyo hiyo iliyobanwa kwenye flashi ya mtaani huwa chini ya GB 1, unaitazama mara tano, unamwazima jirani, na haidai mtandao hata mara moja. Kijana wa Buguruni hakushinda kwa wizi peke yake. Alishinda kwa sababu yeye hununua intaneti mara moja kwa ajili ya mtaa mzima, wakati sisi wengine tungeinunua kila mtu na yake.

Kenya walipewa jaribio la aina yake: Septemba 2021 Netflix ilitoa mpango wa bure kwa simu za Android, wenye sehemu tu ya filamu zake, na ukafungwa Novemba 2023. Bure ile ilikuwa kwenye simu, na simu ni ya mtu mmoja. Filamu ya kutazama kila mtu peke yake kitandani haina wa kuuliza "unaangalia na nani?", na asubuhi hakuna wa kubishana naye, kwa sababu kila mmoja ameona yake.

Mitambo hii inajitahidi kulijaza pengo hilo. Mwaka 2006 Netflix, wakati huo bado ikituma DVD kwa posta, ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa yeyote atakayeuboresha kwa asilimia 10 mfumo wake wa kukisia mtu atapenda filamu gani. Wataalamu wa hesabu wa nchi mbalimbali walihangaika karibu miaka mitatu, na zawadi ikatolewa mwaka 2009. Naiheshimu kazi ile. Lakini angalia walichokuwa nacho mkononi: nyota, moja hadi tano. Mwaka 2017 nyota zenyewe ziliondolewa, ikabaki dole juu au dole chini. Bibi yangu, aliyelia kwa picha ya Kihindi na kuagiza asiletewe tena, halafu baada ya wiki mbili akauliza kama ile ya kulia bado ipo, angeweka dole wapi? Mzee wa mikanda alijua. Alinipa mkanda ule ule, akasema, "Mpelekee, ameshapumzika."

King'amuzi na YouTube naweza kuvipitia kwa haraka. Chaneli kama Sinema Zetu ya Azam zimefanya jambo jema la kuwapa watengenezaji wa hapa mteja wa uhakika, ila hazikodishi, wanapanga wao na wewe unafuata. YouTube imejaa Bongo Movie nzima nzima bila malipo zaidi ya matangazo, na maoni ya watazamaji chini yake ni mengi na ya moto. Ila yanasemwa na watu wasiojuana, na asiyekujua hawezi kukwambia kwamba hii mama mkwe wako ataipenda.

Kinachoniuma ni filamu zetu nzuri zinazopita katikati ya njia hizi zote bila kufika mtaani. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka huo huo, ilifika Netflix. Nilipomuuliza kijana wa laibrari kama anazo, ya kwanza hakuwahi kuisikia, na ya pili aliisikia kwa mteja mmoja tu. Mtaa unaoweza kutoa shilingi 500 mara mia kwa wiki hauwezi kuipata halali filamu iliyosemwa kwa lugha yake, inayohusu pwani yake. Wenye filamu nao, wakihesabu mapato, huuhesabu mtaa huu kuwa ni sifuri.

Napendekeza kaunta hizi zipewe leseni, zisifukuzwe. Kenya tayari inazitaka laibrari za muvi ziwe na kibali cha bodi, kwa hiyo si jambo la ajabu duka dogo kujulikana kisheria. Kinachokosekana ni bidhaa halali ya kuwekwa ndani yake. Tuseme mtengenezaji wa hapa anampa kijana faili lenye alama yake, na kwa kila shilingi 500 inayolipwa, 200 zinakwenda kwake kwa simu, papo hapo. Miamala ya simu tunayo, tena tumeizoea kuliko nchi nyingi zilizotajirika mbele yetu. Atakayesema faili litaibiwa anasema kweli. Litaibiwa. Lakini leo linaibiwa lote, na kijana hana sababu hata moja ya kulilinda. Akiwa na 300 zake halali, na jina lake limebandikwa ukutani kuwa ndiye mwenye kibali cha mtaa, atakuwa wa kwanza kumfukuza mwenye flashi ya bure. Kwa filamu za nje sina jibu la haraka, maana mwenye mali yuko mbali na mtaa huu haumo kwenye vitabu vyake. Tungeanza na zetu.

Pamoja na fedha hizo kungekuwa na lile daftari. Mtengenezaji anayelipwa kwa kila ukodishaji angejua Buguruni wameiangalia mara ngapi, na kwa simu moja angejua kwa nini wameiacha katikati. Angeambiwa kwamba sehemu ya getini imevutwa. Angeambiwa pia, na hili wasanii wetu hawaambiwi vya kutosha, ni wapi watu walinyamaza.

Wiki iliyopita nilirudi dukani. Mama alikuwa ameimaliza ile aliyoiacha, usiku, peke yake, sauti imepunguzwa ili asituamshe. Asubuhi alinipa flashi pamoja na maagizo, kama nilivyokuwa nikitumwa miaka ile. Kijana akaichomeka, akaanza kushuka.

"Dada, hii sasa nifute?"

"Mama kasema usifute. Kasema umpe na jirani yake wa nyumba ya pili, mama mwenye duka la mkaa. Ila umwambie mwanzo inachosha, avumilie."

Akavuta daftari.